Sanaa na Mjadala wa Umoja wa Taifa: Funzo la Historia Likitazamwa Kutoka Babati

UTANGULIZI

Katika mafunzo ya siasa tumezoea kusema kwamba umoja ndio silaha kuu ya Watanzania. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini peke yake haitoshi. Kada anayeikariri bila ya kueleza umoja huo ulijengwa na nani, kwa vitendo gani na kwa zana zipi, huwaachia wananchi picha ya kwamba umoja ni zawadi tuliyopewa siku moja na ambayo itakaa daima. Historia haifundishi hivyo. Historia inafundisha kwamba umoja ni kazi, na kila kazi ina zana zake.

Makala hii inachunguza zana moja tu, nayo ni sanaa: ngoma, ushairi na michezo ya kuigiza. Hoja yetu ni nyepesi kuitamka lakini ni nzito kuitekeleza. Sanaa imesaidia kujenga umoja wa Taifa letu pale ilipompa msikilizaji zamu ya kujibu. Pale ilipomnyima zamu hiyo, hata kama ilikuwa na maneno mazuri ya umoja, ilibaki pambo la sherehe.

Tunaitazama historia hiyo kutoka Babati, na tuna sababu. Mji huu, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, uko kando ya Ziwa Babati, chini ya Mlima Kwaraa, katika Barabara Kuu ya Kaskazini inayounganisha Arusha na Dodoma. Sokoni kwake hukutana Wagorowa na Wairaqw, ambao lugha zao ni za Kikushi. Wabarbaig, ambao ni Wadatoga na lugha yao ni ya Kinailo. Na Wambugwe na Warangi, ambao lugha zao ni za Kibantu. Ukielekea magharibi mpaka bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, utawakuta Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za vidoko. Yaani makundi yote manne ambayo wataalamu wamezoea kuzigawa lugha za Afrika yanakutana katika eneo hili moja la Bonde la Ufa. Kwa hiyo mtu wa Babati hawezi kulizungumzia suala la umoja kama nadharia ya vitabuni. Kwake yeye ni suala la kisima, malisho, shamba, soko na shule.

ITIKIO KATIKA JAMII ZA ASILI

Waandishi wengi wa kikoloni walizieleza ngoma zetu kama burudani ya watu wasiokuwa na kazi, na hiyo ilikuwa kasumba. Katika jamii zetu sanaa ilikuwa sehemu ya uendeshaji wa mambo ya umma.

Tuchukue mfano wa Wairaqw. Wazee wao wana utaratibu uitwao slufay. Ni utenzi wa dua unaotamkwa na msemaji mmoja hodari, akiomba mvua, afya, uzazi na amani, huku waliokusanyika wakimwitikia hatua kwa hatua. Neno la msemaji hupata nguvu kwa itikio la wenzake. Mzee mwenye ulimi mtamu lakini asiyeitikiwa anakuwa amezungumza peke yake tu. Kadhalika Wabarbaig: wanawake wao wana mikusanyiko yao ya dua na nyimbo, na wana baraza lao lenye uwezo wa kumhukumu na kumtoza faini mwanamume aliyewakosea wanawake.

Hata hivyo, haifai tuipambe historia. Itikio hilo lilikuwa na mipaka, na mipaka yake ilikuwa ni ya kabila. Watu wa eneo hili waliibiana mifugo na kuuana. Jina la Mang'ati, ambalo wengi wetu tumelitumia kuwaita Wadatoga bila ya kufikiri, limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Yaani tumemwita jirani yetu kwa jina alilopewa na mpinzani wake wa vita. Sanaa ya zamani ilijua namna ya kuwaunganisha watu wa boma moja; haikuwa bado na jukwaa la kuwaunganisha na watu wa boma la pili.

UKOLONI NA JUKWAA JIPYA

Ukoloni haukuleta jukwaa hilo kwa hiari yake. Kinyume chake, chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliimarisha utawala wa kupitia machifu, na hivyo kabila likafanywa kuwa ndiyo ngazi ya siasa. Mtu alitakiwa kwanza awe Mgorowa, Mbugwe au Mrangi, ndipo atambuliwe na serikali. Lakini uchumi wa kikoloni ulikuwa na mkinzano ndani yake. Uliwagawa watu kwa makabila kwa ajili ya kuwatawala, papo hapo ukawakusanya kwa ajili ya kuwanyonya: katika mashamba ya mkonge, katika reli, jeshini na mijini. Mahali hapo pa kukusanyika ndipo sanaa mpya ilipozaliwa.

Ngoma ya beni ni mfano mmoja. Ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea katika Afrika Mashariki yote hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikichukuliwa na askari na wapagazi. Vikundi vyake vikuu viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, kwa gwaride na kwa nyimbo za Kiswahili. Ni kweli kwamba vyeo vyake viliiga vyeo vya Wazungu, na wapo waliouona huo kuwa utumwa wa mawazo. Lakini mchunguzi makini ataona jambo la pili. Ndani ya kikundi kimoja walikuwamo watu wa makabila mengi, wakichangishana fedha, wakichaguana viongozi, wakizikana na wakijibizana kwa nyimbo na wapinzani wao. Huo ulikuwa mwanzo wa shule ya kujitawala.

Mfano wa pili ni gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, na halikukusudiwa kuwaamsha watu. Lakini lilifungua nafasi ya mashairi, na nafasi hiyo ikawa baraza la nchi nzima. Mshairi wa pwani alitoa hoja. Wa bara akamjibu kwa vina na mizani. Wa tatu akawasuluhisha. Watu ambao hawajapata kuonana, na ambao mama zao hawakuzungumza lugha moja, walijikuta wakibishana kwa adabu katika lugha moja. Ushairi wa malumbano uliwazoesha Watanganyika jambo ambalo kila Taifa linalihitaji: kupingana bila ya kuvunjiana heshima.

SANAA KATIKA MAPAMBANO YA UHURU

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, haikulikuta Taifa likiwa kitambaa cheupe ambacho hakijaandikwa kitu. Ilikuta watu waliokwisha kujifunza kukaa pamoja kwa njia hizo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa wanawake wa Dar es Salaam. Mwaka 1955 Chama kilipotaka kuwapata wanawake, kilimwendea Bibi Titi Mohamed, ambaye alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Bibi Titi hakuanza kwa kuandika matangazo. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma za wanawake, lelemama na nyinginezo, akazungumza nao, nao wakawaita wanachama wao. Katika muda wa miezi michache tu wanawake walioingia TANU walihesabiwa kwa maelfu. Vikundi hivyo vilikuwa na wanawake wa asili mbalimbali, vilikuwa na viongozi na mifuko ya fedha, na vilikuwa na desturi ya kuulizana na kujibizana. Kwa hiyo mwanamke aliyejiunga na TANU kwa njia ya ngoma hakwenda kama mtu wa kuimbishwa. Alikwenda na chama chake, na sauti yake, na maswali yake.

Kwa upande wa ushairi hali ilikuwa ni hiyo hiyo. Saadani Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU, alikuwa mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, mwaka 1960 alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Si ajabu kwamba watu waliozoea malumbano ndio waliofaa kuongoza mikutano.

BAADA YA UHURU: MAFANIKIO NA KASORO

Mwaka 1962, katika mwaka wa kwanza wa Jamhuri, Serikali iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kikaundwa, na vijana kutoka sehemu mbalimbali wakajifunza ngoma za makabila yasiyokuwa yao. Hilo lilikuwa tendo la kimapinduzi. Kijana wa kusini aliyeicheza ngoma ya Usukuma mbele ya umma alikuwa anasema, kwa miguu yake, kwamba urithi huo ni mali ya wote.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kazi ya wasanii ilipata mwelekeo mpya. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alikutana na washairi akawataka waueleze umma siasa ya Azimio kwa tungo zao. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyepata kuwa hakimu, aliitikia wito huo kwa kukuza ngonjera: ushairi wa majibizano unaosemwa jukwaani na watu wawili au zaidi. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971. Ngonjera zilienea katika shule za nchi nzima. Mtoto wa mkulima wa Babati na mtoto wa mvuvi wa Mafia walisimama jukwaani kwa namna ile ile, wakatoa hoja kwa Kiswahili fasaha. Kwa mafanikio hayo hatuna budi kuwashukuru waasisi wa sanaa hiyo.

Lakini kada hasomi historia ili asifu tu. Tuulize: katika ngonjera ni nani anayejibu? Kwa kawaida mmoja ni mjinga na mwenzake ni mwenye kujua. Mjinga anauliza, mjuzi anaeleza, mjinga anakubali, na wote wanamaliza kwa sauti moja. Maswali na majibu yameandikwa na mkono mmoja. Huo ni mfano wa mjadala, nao unafaa kwa kufundishia. Lakini bado si mjadala wenyewe. Pale walimu na viongozi walipoufanya mfano huo kuwa mwisho wa kazi, wananchi walizoea kuja mkutanoni kusikiliza majibu ya maswali ambayo hawakuyauliza. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umekwisha kuonya juu ya hatari hiyo, uliposisitiza kwamba wananchi lazima washiriki katika kuyafikiria, kuyapanga na kuyatekeleza maendeleo yao.

Wapo wasanii walioiona hatari hiyo mapema. Ebrahim Hussein, katika mchezo wake wa Kinjeketile uliotolewa mwaka 1969, alirudi kwenye Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mpaka 1907. Aliuonyesha umoja wa makabila ya kusini kuwa ni jambo tukufu, lakini papo hapo akauliza swali gumu: umoja uliojengwa juu ya imani ya maji ya dawa utadumu vipi pale risasi itakapokataa kugeuka maji? Mtazamaji wa mchezo huo hapewi jibu rahisi la kwenda nalo nyumbani. Anapewa swali. Kwa miaka mingi mchezo huo umesomwa shuleni, na wanafunzi wameendelea kubishana juu yake. Huo ndio uhai wa sanaa.

NENO AMBALO HALIKUIMBWA

Sasa turudi upande wetu. Kuanzia miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu, kwenye Wilaya ya Hanang', ambayo wakati huo ilikuwa wilaya moja na Babati mpaka ilipogawanywa mwaka 1985. Mashamba hayo yalifika saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Shabaha ilikuwa nzuri: Taifa lijitosheleze kwa ngano. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya heshima ya wazee wao, yaitwayo bung'eda, ambayo mengine yalipitiwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi; Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 1985.

Hatulitaji jambo hili ili kuhukumu upya kesi iliyokwisha. Tunalitaja kwa sababu linatufundisha kuhusu sanaa. Katika miaka hiyo hiyo nchi nzima ilikuwa ikiimba nyimbo za kuhimiza kilimo na umoja. Wabarbaig nao walikuwa na wasemaji wao, nyimbo zao na mabaraza yao ya kuamua mambo. Lakini hapakuwa na jukwaa ambalo sauti hizo mbili zingeweza kukutana kabla ya trekta kufika. Mfugaji hakupewa zamu ya kuitikia. Matokeo yake, shauri ambalo lingeweza kuzungumzwa chini ya mti lilikwenda kuzungumzwa na mawakili.

Ndugu msomaji asije akadhani kwamba wimbo ungeweza kuondoa mgogoro wa ardhi. Mgogoro wa ardhi una mizizi katika uchumi, na utatatuliwa kwa haki katika uchumi. Wimbo wa umoja unaoimbwa juu ya dhuluma haumalizi dhuluma; unaifunika tu, na mwishowe wananchi huuchukia wimbo wenyewe. Kazi ya sanaa ni kulileta suala hadharani mapema, kwa lugha ambayo kila mmoja anaielewa na kwa heshima ambayo kila mmoja anaikubali, ili wenye maamuzi wasije wakasema kwamba hawakusikia.

SANAA INAYOULIZA

Njia ya kufanya hivyo ilikwisha kujaribiwa hapa hapa nchini. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, katika Mkoa wa Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walianza kwa kukaa na wanakijiji na kuwauliza wana matatizo gani. Wanakijiji wakalitaja tatizo la wasichana wanaopewa mimba na kutelekezwa. Kutokana na hayo mchezo ukatungwa na wanakijiji wenyewe, kwa kutumia pia ngoma za mahali pale, kisha ukaonyeshwa, na baada ya onyesho watu wakajadili. Hatua ya mjadala haikuwa nyongeza. Ndiyo iliyokuwa shabaha.

Mwaka 1996 mbinu hiyo iliingia katika shule za sekondari kwa mradi ulioitwa Tuseme, ambapo wasichana walitumia maigizo, nyimbo na ngoma kueleza vikwazo vya masomo yao mbele ya walimu na wazazi. Jina lenyewe la mradi ni somo: si "tuwaambie", ni "tuseme".

Tukiilinganisha Malya na slufay ya wazee wa Kiiraqw, tutaona kwamba wasomi hawa hawakubuni kitu kigeni. Walilirudisha itikio mahali pake, lakini sasa kwa jukwaa pana kuliko lile la ukoo au kabila.

KAZI YA KADA MAHALI KAMA BABATI

Tarehe 14 Oktoba 2023 kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru kilifanyika katika Uwanja wa Kwaraa, mjini Babati. Mwenge huo uliwashwa kwa mara ya kwanza juu ya Mlima Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, na ni alama ya umoja ambayo hakuna anayeidharau. Lakini sherehe kubwa huja kwa siku moja, na majirani huishi pamoja siku zote zilizobaki. Kutokana na historia tuliyoieleza, tunaona mambo manne ya kufanywa katika siku hizo zilizobaki.

Kwanza, kila onyesho la sanaa linaloandaliwa kwa ajili ya kuwahamasisha wananchi liwe na muda wa wananchi kusema. Kama ratiba ni ndefu, na ipunguzwe hotuba, si mjadala.

Pili, ngoma za makabila zisipangwe kama bidhaa dukani, kila moja na meza yake, wageni wakapita na kupiga makofi. Wagorowa, Wabarbaig, Warangi na wengine wapewe jambo moja linalowahusu wote, kwa mfano maji ya ziwa, njia za mifugo au ada za soko, kila kikundi kilisemee kwa sanaa yake, na kikundi kingine kijibu.

Tatu, Kiswahili ni nguzo ya umoja wetu, na hapana anayeweza kuibomoa. Lakini bibi anayefikiri kwa Kigorowa au Kibarbaig asinyimwe neno kwa sababu hiyo. Na aseme kwa lugha yake, kijana wake atafsiri. Taifa halipungui kwa kumsikia bibi huyo, linaongezeka.

Nne, yaliyosemwa yaandikwe na yapelekwe katika mkutano wa kijiji au wa mtaa. Msanii akiisha kuuliza na wananchi wakiisha kujibu, kiongozi naye ana zamu yake. Akikaa kimya, mchezo mzima umekuwa bure.

HITIMISHO

Historia ya sanaa katika nchi yetu, kutoka beni na Mambo Leo mpaka lelemama, ngonjera, Kinjeketile na Malya, ni historia ya watu waliokuwa wakipanua duara la wale wanaostahili kujibiwa. Mwanzo duara lilikuwa boma. Likawa mtaa wa mji, likawa kurasa za gazeti, likawa Chama, likawa Taifa. Kila lilipopanuka, umoja uliongezeka. Kila lilipofungwa, watu waliobaki nje walitafuta mahali pengine pa kusemea.

Kwa hiyo kada anayetaka kujua kama sanaa ya mahali pake inajenga umoja, asihesabu ni mara ngapi neno umoja limetajwa katika nyimbo. Na akae nyuma ya umati, asikilize nani anaimba, kisha asikilize kwa makini zaidi kama yupo anayeitikia.